Uliza Fundi: Jiko la makopo linafuka moshi kama treni ya zamani, nimekosea wapi?

Toleo lililopita nilidokeza tu, tena kwa mstari mmoja, kwamba nikienda kambini sibebi jiko la gesi, nabeba jiko la kuni nililolitengeneza mwenyewe kwa makopo mawili ya kuokota. Mstari mmoja huo umeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu pampu, paa na pasi za umeme. Kwa hiyo safari hii safu nzima ni jiko. Barua nimezifupisha na majina ni ya utani, kama kawaida yetu.

Fundi habari. Nilichukua kopo la maziwa ya unga nikalitoboa matundu chini pembeni pande zote, nikakata mlango wa kuchomekea kuni, juu nikaweka waya tatu za kubebea sufuria. Moto unawaka lakini moshi wake jamani, tunatokwa machozi kama tuko msibani, lita moja ya maji inakula karibu nusu saa na sufuria inatoka nyeusi tii. Au matundu ni machache? — Macho Mekundu

Macho Mekundu pole sana. Matundu yako ya chini hayana shida. Ukiyaongeza utapata moto mkali zaidi, kuni zitaisha haraka zaidi na moshi utabaki palepale, kwa sababu unachokosa ni matundu ya juu.

Ngoja nikueleze vizuri maana jiko lote liko hapa. Kuni ikipashwa moto ikafika nyuzi 250, 300 hivi, inaanza kutoa gesi, na hiyo gesi ndo inayowaka, ndo maana ukichungulia utaona mwali umesimama juu ya kuni kidogo kama haujaigusa. Kuni kavu karibu robo tatu ya uzito wake au hata zaidi inaondoka hivyohivyo kama gesi na mvuke, makaa yanayobaki ni sehemu ndogo tu. Sasa hiyo gesi inapanda, inakuta hewa ya chini imeshapita kwenye makaa na oksijeni yake imeshaliwa, na hewa ya pembeni ni ya baridi, inapoa kabla haijawaka. Hiyo gesi iliyopoa ndo unaita moshi. Yani kuni umeitafuta, umeibeba, umeikata, alafu zaidi ya nusu yake umeipuliza machoni mwa watu wako.

Dawa yake ni kopo ndani ya kopo. Hewa inaingia chini kwenye kopo la nje, nyingine inapanda katikati kupitia kitako cha kopo la ndani kwenda kwenye kuni, nyingine inapita kwenye nafasi iliyopo kati ya makopo mawili, inapanda huku inapashwa na ukuta wa moto, alafu inatokea kwenye matundu ya juu ya kopo la ndani ikiwa imeshakuwa ya moto sana. Inakutana na ile gesi hapohapo juu, inawaka. Hamna feni, hamna chochote, hewa ya moto inapanda yenyewe na kuvuta nyingine nyuma yake.

Vipimo ninavyotumia mimi: kopo la nje kipenyo sentimita 15 hivi, la ndani 10 au 11, na la ndani liwe fupi kwa la nje sentimita 3 au 4. Hicho cha mwisho usikichezee, sababu hapo chini ndo hewa inapopita, kopo la ndani likigusa ardhi umeziba koo.

Kopo la nje linageuzwa kichwa chini, kitako chake kinakuwa juu. Kalisha kopo la ndani juu ya kitako hicho, zungushia kalamu, na kwenye mstari huo usikate! Chora duara lingine ndani yake, dogo kwa kama sentimita moja kila upande, kata hilo dogo. Alafu shika mkasi wa bati ukate mikato mifupimifupi kutoka duara dogo mpaka ule mstari wa kwanza, unapata meno kuzunguka tundu zima. Yakunje kwa koleo kuelekea ndani, moja moja, vaa glovu maana hayo meno ni wembe. Ukilisukuma kopo la ndani lipite hapo meno yanalikumbatia kotekote, linashuka mpaka ukingo wake wa juu unakwama na linaning'inia. Wengi wanakata duara moja kubwa, kopo linapwaya, alafu wanalalamika jiko halishiki. Halitashika, ile hewa ya moto yote inatorokea kwenye mwanya badala ya kwenda kwenye matundu.

Matundu yenyewe: kitako cha kopo la ndani toboa 25 mpaka 30 ya milimita 6, hiyo ndo chanja yako, majivu yatadondokea hapo. Sentimita 2 chini ya ukingo wake wa juu zungusha mstari mmoja wa matundu 16 mpaka 20, ukubwa uleule. La nje, upande wa ardhini, zungusha 16 hivi ya milimita 12, yawe makubwa kwa kuwa ndo yanalisha chini na juu kwa pamoja. Kama huna drili tumia msumari na nyundo, ila kopo tupu ukiligonga linabonyea, hivyo lijaze mchanga mbichi uushindilie mpaka uwe kama jiwe, au chomeka kipande cha gogo ndani. Wapo wanaojaza maji na kugandisha kwenye friza, inafanya kazi, mimi sina subira hiyo.

Sufuria usiikalishe juu ya ukingo moja kwa moja. Funga bolti tatu ndefu, au kata kopo la tatu fupi lenye mlango wa kuongezea kuni, sufuria inyanyuke sentimita 4 au 5. Mwali ukigonga chuma cha baridi kabla haujamaliza kuungua unazimika nusunusu na masizi yanarudi kulekule.

Sasa kuwasha. Panga vijiti vya unene wa kidole, vifupi, visizidi matundu ya juu, alafu washa JUU. Najua, kila mtu amefundishwa kuwasha chini. Ukiwasha juu, moto unashuka taratibu na gesi inayotoka chini inalazimika kupita kwenye moto uliopo juu, haina njia nyingine. Mmarekani Thomas Reed alianza kuufanyia kazi mtindo huu mwaka 1985, na Mnorwe Paal Wendelbo akaufikia kivyake akiwa Uganda, kwa hiyo usidhani ni ujanja wangu. Dakika mbili tatu za mwanzo utaona moshi, vumilia, makopo bado ya baridi. Alafu ghafla utaona kwenye kila tundu la juu kuna kimwali kinachomoza kuelekea katikati, duara zima, kama jiko la gesi kabisa. Mara ya kwanza niliita watu waje kuona.

Gesi ikiisha vimwali vinazimika, yanabaki makaa mekundu. Hapo kama maji bado, ongeza vijiti viwili vitatu vyembamba, usijaze konzi nzima kwa mkupuo maana utarudi kwenye moshi.

Shikamoo fundi. Nina ndoo ya zamani ya bati, makopo ya rangi matatu, sufuria ya alminiamu iliyotoboka, na mtungi mdogo wa gesi ambao umeisha kabisa. Kipi kinafaa? Mke wangu anasema vyote nikatupe. — Baba Vyuma

Marahaba Baba Vyuma. Mama yuko sahihi kwa vitatu, kimoja tunaweza kukiokoa.

Mtungi wa gesi weka chini taratibu uondoke. Sitanii. Mtungi "ulioisha" huwa una gesi iliyobaki, na cheche moja ya grainda inatosha. Wanaoifanya hiyo kazi wanatoa valvu kwanza, wanajaza maji mpaka pomoni, ndo wanakata, na mimi hata hao siwashauri wasomaji wangu wawaige. Pipa la mafuta nalo ni hivyohivyo, unaona kavu, unanusa hamna kitu, kumbe mvuke umekaa ndani. Makopo ya marashi na ya rangi ya kupuliza, pia hapana.

Ndoo ya bati: hilo bati limepakwa zinki ili lisipate kutu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 tu, na moto ukizidi inageuka moshi mweupe ambao sio wa kuvuta. Hapa naongea kwa uzoefu, sio kwa kusoma. Miaka hiyo nilikuwa nachomelea miguu ya bomba la zinki kwenye jiko kubwa, mvua inanyesha, nikafunga mlango wa banda nisilowe. Nikamaliza mchana nikiwa mzima. Jioni mdomo ukaanza kuwa na ladha kama nimelamba sarafu, alafu baridi, mwili unatetemeka, kifua kimebana, jasho usiku kucha. Nikajua ni homa nimepata mahali. Kesho yake mchana imekata kabisa kama haikuwepo, na mzee mmoja welda akacheka akaniuliza, ulichomelea mabati ya zinki eeh? Hiyo homa ya moshi wa chuma mafundi wengi wameipata, huwa inaanza saa kadhaa baada ya kazi ndo maana watu hawajui imetoka wapi.

Alminiamu inayeyuka nyuzi 660, na makaa yanayopulizwa vizuri yanapita hapo bila shida. Sufuria hiyo ilivyokuwa inachemsha maji ilikuwa inalindwa na maji yenyewe, ikiwa ukuta wa moto haina wa kuilinda. Na usitumie riveti za alminiamu kuunganishia, utaamka siku moja jiko limekaa upande.

Makopo ya rangi ndo tunaweza kuyaokoa, ila kwa masharti. Kama ni ya rangi za zamani sana achana nayo, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kama ni ya karibuni, kwangua mabaki yote, alafu yawashie moto mkali mara mbili tatu nje uwanjani, simama upande upepo unapotokea, kabla hujayatumia kwa kazi yoyote. Hata makopo ya vyakula yafanyie hivyo, ndani mengi yana utando mwembamba wa plastiki ambao macho hayauoni. Na lile bati lenyewe limepakwa stani, inayoyeyuka nyuzi 232, baada ya moto wa kwanza chuma kinabaki uchi na kutu inaanza. Ndo maisha ya kopo.

Ukitaka kitu cha kudumu nenda kwenye vyuma chakavu utafute stenlesi. Kile kikopo chenye matundu cha kusimamishia vijiko jikoni, cha stenlesi, ni jiko tayari, kinakosa mlango tu. Na kwa moto wa watu wengi hamna kitu kizuri kama pipa la ndani la mashine ya kufulia, limeshatobolewa kiwandani matundu mamia, na mengi ni ya stenlesi, hayapati kutu kirahisi. Toa plastiki zote na beringi, liweke miguu, basi.

Ukiona ubao wa zamani wa simenti wenye nyuzinyuzi, au kamba nyeupe za kuzuia joto kwenye mitambo ya zamani, usivikate wala kuvivunja kwa ajili ya kukinga joto. Inaweza kuwa asbestosi, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu.

Je, ni kuni kiasi gani nibebe kwa lita moja ya maji? Nataka kwenda sehemu isiyo na miti kabisa. — Mbeba Mizigo

Swali zuri, tupige hesabu. Lita moja kutoka nyuzi 20 mpaka 100 inahitaji kilojuli 335. Kilo ya kuni iliyokauka kwa hewa ina kama kilojuli 15,000. Gawanya, unapata gramu 22. Yani vijiti vya kujaza kiganja vingetosha, kama joto lote lingeingia kwenye maji, na haliingii. Moto wa wazi kwenye mawe matatu unapeleka kwenye sufuria kama sehemu 10 mpaka 15 kati ya 100, mengine yanapasha anga. Jiko la makopo ukiliendesha vizuri, limekingwa upepo, sufuria ina mfuniko, linafika 20 au robo. Mimi nahesabu gramu 100 kwa lita na sijawahi kuaibika, ukienda kwenye upepo mkali chukua 150.

Mfuniko na kinga ya upepo vinaokoa kuni kuliko ufundi wowote wa matundu. Kipande cha bati jembamba kilichokunjwa kuzunguka sufuria, kiache nafasi ya kama sentimita moja tu kutoka kwenye ukuta wa sufuria, gesi ya moto inalazimika kupanda imeisugua sufuria mpaka juu badala ya kukimbilia pembeni. Ila kinga hiyo isizibe matundu ya chini, nimeona mtu kaifunga mpaka ardhini alafu anapuliza kwa mdomo anashangaa moto unakufa.

Na kuni iwe kavu kweli. Kuni iliyokatwa leo mtini inaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo ya maji hayo inakula kilojuli 2,260 kugeuka mvuke tu. Hasara yenyewe sio kubwa kama baridi inayoletwa, moto unashindwa kufika joto la kuunguza gesi, tunarudi kwa Macho Mekundu. Vunja kijiti: kikilia "ka!" na kukatika mara moja kinafaa, kikipinda na kuonyesha nyuzi rudisha. Mvua ikiwa imenyesha usiokote chini, tafuta tawi lililokufa likiwa bado limesimama mtini, pasua katikati, ndani huwa kavu hata kama nje linachuruzika.

Usiku kuna baridi, naweza kuliingiza ndani ya hema likiwa limebaki makaa tu? Hayana moshi. — Mgonjwa wa Baridi

HAPANA. Hata dakika tano, hata zipu ikiwa wazi.

Makaa yasiyo na moshi ndo mabaya zaidi, sababu hakuna kinachokuonya. Yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, haina rangi, haina harufu, na inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Unaanza kuumwa kichwa, unasikia usingizi, unalala. Asubuhi wenzako ndo wanaokukuta. Chemsha maji, jaza chupa isiyovuja, funga na soksi, lala nayo miguuni.

Na kwa wale wawili walioandika kwamba wanataka hili jiko liwe la kila siku ndani ya nyumba: Shirika la Afya Duniani linakadiria hewa chafu ya majiko ndani ya nyumba iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko la kopo linapunguza moshi, haliumalizi, na halina bomba la kutolea nje. Ni la nje.

Tunaenda vijana ishirini, sufuria ni kubwa, hiki kikopo chako kitatuchekesha. Nimesikia kuna jiko la roketi, ni nini? — Kiongozi wa Msafara

Kitawachekesha kweli, na sufuria ya lita 15 itakiangusha. Nendeni na roketi.

Jiko la roketi ni bomba lililopinda kama herufi L. Mguu mfupi umelala, hapo unachomeka kuni, mguu mrefu umesimama, ndo dohani ya ndani, na sufuria inakaa juu yake. Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, alilibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuni zinaungua ncha tu, gesi inaingia kwenye dohani fupi yenye joto kali, inachanganyika na hewa na kumaliza kuungua kabla haijafika kwenye sufuria. Linavuta kwa kishindo, unasikia "vuuu" kama roketi.

Kwa vitu vya kuokota: ndoo ya bati jeusi ya lita 20, isiwe ya zinki, tumeshaongea, na makopo manne matano ya kipenyo cha sentimita 10 hadi 12 yaliyotolewa vitako na kuunganishwa kuwa L. Mguu uliosimama uwe mrefu kama mara mbili mpaka tatu ya upana wake. Upana uwe mmoja kote, pasiwe na pa kubana, na hata nafasi chini ya sufuria isibane kiasi cha kukaba. Ndani ya mguu uliolala weka kijibati cha kubebea kuni, kuni juu yake na chini hewa tupu ipite. Watu wanajaza kuni mpaka chini, wanaziba pumzi, alafu barua inanijia mimi.

Nafasi kati ya L na ndoo jaza MAJIVU makavu. Hapa ndo ninapogombana na mafundi wenzangu, wao wanataka kujaza udongo, zege, matofali, eti vizito vinatunza joto. Vinatunza ndio, vinalichukua wao kwanza. Utachoma kuni saa nzima unapasha tofali wakati unataka kupasha maji. Unataka kitu chepesi chenye hewa ndani yake, majivu yanatosha, na zege likipata moto wa ghafla lina tabia ya kupasuka vipande vikaruka.

Kuni ziwe ndefu, zikiungua ncha unasukuma ndani kidogo. Ukitaka moto upungue unavuta nyuma. Mpe kazi hiyo mmoja tu asimamie, vijana ishirini wote wakisukuma kuni hamtakunywa kitu.

Fundi, nina feni ndogo nzima niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Nikiifunga chini itasaidia? — Kocha wa Nyaya

Inasaidia sana, moto unakuwa kama wa mhunzi. Feni hizo nyingi ni za volti 12, ila kwenye pawabenki ya volti 5 nyingi zinazunguka polepole na huo upepo unatosha, ukizidisha unapuliza majivu kwenye chai. Usiifunge chini ya jiko kabisa, ni plastiki hiyo, iweke mbali na upeleke upepo kwa bomba la chuma la sentimita 30 hivi. Utakutana na kero moja, pawabenki nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo mno zinajizima zenyewe zikidhani simu imejaa. Chomeka na simu yako kwenye tundu la pili, itaendelea.

Sema mimi nilishaiacha nyumbani. Ikifa betri unarudi kwenye matundu yaleyale.

Masizi kwenye sufuria yananitesa kusugua. — Mikono Myeusi

Kabla ya kupika paka sabuni ya mche nje ya sufuria, kavukavu, chini na pembeni. Baadaye masizi yanatoka na maji pamoja na sabuni. Sisugui tena tangu nijue hilo.

Tulikuwa kwenye nyasi, tulipoondoa jiko tukakuta duara limeungua chini yake. Hakuna aliyeona moto. — Wawili Kambini

Mmepona. Joto linashuka chini pia, sio kupanda tu, na makaa madogo yanapenya kwenye matundu ya kitako. Futa nyasi na majani makavu mpaka udongo uonekane, upana wa hatua moja kila upande, au kalisha jiko juu ya bati lingine lililoinuliwa na vijiwe. Vijiwe msichukue mtoni, vina maji ndani na vinapasuka kwa kishindo. Ukimaliza mwaga maji kwenye majivu, koroga, mwaga tena, alafu weka kiganja juu yake. Kama huwezi kukiacha hapo bado hujazima. Na sehemu ikiwa na katazo la moto kipindi cha kiangazi, jiko la kopo nalo ni moto, msijitetee kwamba ni dogo.

Fundi, lile la kwako la kwenye picha kopo la ndani limetoboka pembeni au macho yangu? — Mchunguzi

Macho yako mazima. Limetoboka, ni la tatu hilo. Kopo jembamba linaliwa na moto, na nililisaidia kuoza kwa kuliacha na majivu yaliyolowa ndani, majivu na maji ni kama magadi, yanatafuna. Ndo maana kopo la ndani silifungi riveti wala siligandishi na chochote, limening'inia tu kwenye yale meno. Nalichomoa, nachomeka lingine. La nje ni lilelile la siku ya kwanza.